Mayotte: kisiwa cha Afrika ambacho ni departema ya Ufaransa

Kwetu Kivu, Ituri na Tanganyika, jina Mayotte linasikika sana siku hizi, juu ya vijana wanaosema: "Ukifika kule, umefika Ulaya." Ni kweli? Tuangalie vizuri.

Mayotte iko katika Bahari ya Hindi, kati ya Msumbiji na Madagaska. Ina visiwa viwili vikubwa, Grande-Terre na Petite-Terre, na vingine vidogo. Jumla ni kilomita za mraba 374 tu: inapita Idjwi yetu, lakini si kwa mbali. Mji mkubwa ni Mamoudzou. Wakaaji ni zaidi ya 300.000, wengi wao Waislamu. Lugha yao, Kimaore, ni ndugu ya Kiswahili: maji ni maji, nyumba ni nyumba.

Namna gani Ufaransa ilifika pale? Mwaka 1841, sultani Andriantsoly, aliyetoka Madagaska, aliwauzia Wafaransa kisiwa. Utumwa ulifutwa mwaka 1846, kisha yakaja mashamba ya miwa, na baadaye ylang-ylang, maua ya kutengenezea marashi. Mwaka 1974, visiwa vine vya Komoro vilipiga kura juu ya uhuru. Vitatu vilikubali; Mayotte ilikataa. Komoro ilipata uhuru mwaka 1975, na mpaka leo inasema Mayotte ni yake. Umoja wa Mataifa uliiunga mkono. Lakini mwaka 2009 wakaaji wa Mayotte walipiga kura tena, na zaidi ya 95% walitaka departema. Tangu 2011 ni departema ya 101 ya Ufaransa.

Sasa uchumi. Maua na vanila vimebaki kidogo sana. Franga nyingi zinatoka kwa leta: mishahara ya walimu, waganga, polisi. Vitu vingi vinaingia kwa meli kwenye bandari ya Longoni, ndiyo maana bei iko juu. Watu zaidi ya saba kwa kumi wako chini ya kiwango cha umaskini cha Ufaransa. Mwaka 2023 mvua ilikosekana, maji ya bomba yakafungwa siku nyingi. Tarehe 14 Desemba 2024 kimbunga Chido kikabomoa mitaa mizima ya nyumba za mabati.

Pamoja na hayo, kwa majirani Mayotte ni tajiri. Kutoka Anjouan ni kilomita 70 hivi, na tangu 1995 Wakomoro wanadaiwa visa. Kwa hiyo watu wanapanda pirogi za mota zinazoitwa kwassa-kwassa, jina linalotukumbusha dansi yetu ya miaka ya 1980. Nyingi zimezama, na wengi wamekufa. Wakongomani nao wamo katika safari hiyo, wakikimbia vita, na huko wanaomba ukimbizi.

Jambo moja wasafirishaji hawalisemi. Karatasi nyingi za ukaaji zinazotolewa Mayotte zinafaa Mayotte tu. Mwenye nayo hawezi kupanda ndege kwenda Paris bila ruhusa nyingine. Aliyepewa hadhi ya ukimbizi ana haki zaidi, lakini kuipata kunachukua muda, na wengi wanangojea chini ya shitingi.

Basi Mayotte ni Ufaransa kwa sheria, kweli. Lakini anayeuza shamba la familia juu ya kufika Paris ajue kwamba kati ya Mamoudzou na Paris kuna mpaka mwingine.