Kukonda Upesi Si Kupunguza Mafuta

Mama mmoja anayeuza mchele hapa Ahero aliletwa katika kliniki yangu akitoka jasho na macho yamemlegea. Alikuwa ameanguka sokoni akimpimia mteja. Nilipomhoji, alinieleza kwamba kwa siku 12 alikuwa akinywa supu ya kabichi na maji ya ndimu pekee, kwa sababu harusi ya bintiye ilikuwa imekaribia.

"Lakini daktari, nimepunguza kilo sita," aliniambia kwa fahari.

Miezi minne baadaye nilimpima tena. Kilo sita zote zilikuwa zimerudi, na mbili zaidi juu yake.

Kisa hiki si kigeni kwa madaktari. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 kuhusu idadi ya watu na afya ulionyesha kwamba theluthi moja ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliopita kiasi. Uzito kama huo huandamana na ugonjwa wa kisukari, shinikizo la damu na maumivu ya magoti. Nia ya kupunguza mafuta mwilini ni njema basi. Inayokosewa ni njia.

Je, ni nini hasa kinachopungua mtu anapojinyima chakula ghafla? Mwili huweka akiba ndogo ya wanga katika ini na misuli. Kila gramu ya akiba hiyo hukaa pamoja na takriban gramu tatu za maji. Njaa inapoingia, akiba hiyo hutumiwa kwanza na maji yake hutoka kwa njia ya mkojo. Mizani hushuka, lakini sehemu kubwa ya mafuta ingalipo. Kilo moja ya mafuta ina karibu kalori 7,700. Hata kama mama yule angefunga kabisa, asingeweza kuteketeza kilo sita za mafuta kwa siku 12. Alichopoteza ni maji, misuli na mafuta kidogo.

Isitoshe, mwili hujilinda. Kati ya mwaka 1944 na 1945, Profesa Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwapunguzia chakula vijana 36 waliojitolea, kwa muda wa miezi sita. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Miili yao ilipunguza matumizi ya nguvu, wakawa wanyonge, wakihisi baridi na kuwaza chakula kutwa kucha. Waliporuhusiwa kula watakavyo, wengi walikula kupindukia, na mafuta yakarudi kuliko mwanzo. Kwa hivyo anayenenepa tena baada ya kujinyima asilaumiwe kwamba hana msimamo.

Njia inayodumu ni ya polepole, kiasi cha nusu kilo kwa wiki. Utafiti mwingine wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2002, ulihusu watu zaidi ya 3,000 waliokaribia kupata kisukari. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi kama kutembea kwa dakika 150 kila wiki walipunguza hatari ya ugonjwa huo kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kama kilo sita tu.

Anza na sukari. Vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, ni karibu kalori 200. Soda moja ya mililita 300 ina takriban vijiko vinane.

Pili, angalia mafuta ya kupikia. Kijiko kikubwa kimoja kina kama kalori 120. Ngege aliyechemshwa kwa nyanya na kitunguu hushibisha sawa na yule aliyeogeleshwa katika mafuta.

Tatu, gawanya sahani. Nusu iwe mboga kama kunde au mnavu, ambao hapa kwetu huitwa osuga. Robo iwe samaki, omena au maharagwe, na robo iliyobaki ugali au wali. Usiache ugali, punguza kipande.

Nne, tembea kwa haraka dakika 30, siku tano kwa wiki. Katika nyanda hizi za Kano, nenda alfajiri kabla ya jua kuwa kali.

Waja wazito, wanaonyonyesha na wanaotumia dawa za kisukari au za shinikizo la damu wamwone daktari kwanza. Kujinyima chakula huku ukimeza dawa za kisukari kunaweza kuishusha sukari ya damu hadi ukazimia. Naye anayekonda bila kukusudia asifurahie. Apimwe kifua kikuu, kisukari na virusi vya Ukimwi mapema, kwani yote haya yana matibabu.

Mama yule alianza upya. Chai yake sasa ina kijiko kimoja, na jioni hutembea nyumbani badala ya kupanda bodaboda. Amepunguza kilo nne kwa miezi mitatu, na bado anakula ugali.

Kabla ya kuanza mpango wowote wa chakula, jiulize: je, nitaweza kula hivi hata Krismasi ijayo? Ikiwa jibu ni la, usianze.