Kabla ya Kutuma Kiti Mwendo Karatu

Vikundi vyetu vya WhatsApp, Minneapolis kama London, haviishi kuchangishana fedha za viti mwendo vya kupeleka nyumbani. Moyo huo naupenda. Lakini kwa Karatu na Ngorongoro, kaskazini mwa Tanzania, naona tunaanzia mwisho, kwa sababu baadhi ya wanaokalia viti hivyo wangetembea kwa miguu yao kama wangefikishwa hospitali mapema na kurudishwa mara zote walizotakiwa.

Chukueni mguu kifundo. Mtoto huzaliwa nyayo zimepindia ndani, hali inayompata takriban mtoto 1 kati ya 1,000 duniani. Tiba aliyoibuni Ignacio Ponseti kule Iowa, Marekani, haihitaji operesheni kubwa. Mguu hunyooshwa taratibu kwa mikono, unafungwa hogo, na baada ya wiki hogo hilo linafunguliwa na kufungwa jingine, kwa kawaida mara tano hadi nane. Kano ya kisigino hukatwa kidogo, kisha mtoto hulala na viatu vilivyounganishwa kwa chuma mpaka akaribie miaka minne. Hogo lenyewe si ghali. Kazi ni kurudi kila wiki. Mama wa Endulen, ndani ya Ngorongoro, anapaswa kupita barabara ya vumbi hadi lango la hifadhi la Lodoare, linalofungwa jioni, ateremke Karatu, na akipewa rufaa ya Arusha aongeze takriban kilomita 140. Nyumbani ameacha watoto wengine na ng'ombe. Akikosa wiki mbili tatu, mguu unaanza kurudi ulikotoka.

Yako pia matege ya floraidi. Udongo wetu wa kaskazini ni wa volkano, na maji ya sehemu nyingi yana floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4. Tatizo ni kubwa zaidi upande wa Mlima Meru, na magadi tunayotia kwenye makande ili yaive haraka huongeza floraidi juu ya ile ya maji. Meno yanageuka kahawia, na kwa wengine mifupa inapinda. Daktari anaweza kukata mfupa na kuunyoosha, lakini mtoto akirudi kwenye kisima kilekile bado yuko hatarini.

La tatu halizungumzwi sana: kifafa. Mtoto anaanguka karibu na mafiga, anaungua, kidonda kinapona kwa kuvuta ngozi, mkono haunyooki tena. Dawa kama fenobabito ni ya bei ndogo, ila sharti imezwe kila siku, bila kukatika. Hospitali ya FAME pale Karatu, iliyoanza kama zahanati mwaka 2008, imekuwa na kliniki za magonjwa ya mishipa ya fahamu kwa kushirikiana na madaktari wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Kwangu mimi kliniki hizo ni kinga ya ulemavu kabisa.

Kwa nini huduma zimetawanyika hivi? Nyingi zilijengwa na makanisa, pale yalipofika. Hospitali ya Wasso, Loliondo, iliasisiwa na padri daktari wa Austria, Herbert Watschinger, katika miaka ya 1960. Hospitali ya Endulen ni ya Wakatoliki. Karatu mjini kuna hospitali ya Kilutheri. Vijiji vya mbali vilitegemea ndege za Flying Medical Service, zilizoanza 1983. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 iliipa serikali wajibu wa afya na utengemao, lakini haikuzaa kliniki kila tarafa. Kisha mwaka 2022, uhamishaji wa watu kutoka Ngorongoro kwenda kijiji cha Msomera ulipoanza, ndege hizo zikasimamishwa. Ripoti ya Human Rights Watch ya 2024 inaeleza pia kushushwa kwa huduma za Endulen. Serikali inasema watu wanahama kwa hiari. Mimi nasema mtoto mwenye hogo mguuni hapaswi kulipia mvutano wa uhamishaji huo, awe anahama au anabaki.

Kinachofanya kazi tumekiona Arusha. The Plaster House, iliyofunguliwa 2008, huwapa watoto mahali pa kulala, kula na kusoma kabla na baada ya operesheni, hadi wapone. Jambo kubwa pale ni kitanda na sahani ya ugali, kwa sababu vinaondoa safari za kwenda na kurudi.

Viti bado vinahitajika, sikatai. Lakini kiti cha sakafu laini ya hospitali ya Ulaya, kilichotolewa bila kumpima mtu, hukwama kwenye matope ya masika, na asiyehisi miguu hupata vidonda vya kukaa. Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia tangu 1981. Utaalamu wa kumpima mtu kifaa kinachomfaa uko mlangoni petu.

Kwa hiyo ndugu zangu, mchango ujao ukipitishwa, naomba uanze na nauli ya mama na mtoto kwa wiki zote za hogo, malazi na chakula chao Arusha, na dawa za kifafa za mwaka mzima. Kiti kifuate, kikiwa kimepimwa na fundi na kinaweza kutengenezwa hukohuko kikiharibika.