Goli Moja, Televisheni Hamsini: Kweli na Uongo Kuhusu Multikasti

Jijini Dar es Salaam, Simba wako Mtaa wa Msimbazi, Yanga wako Jangwani, na Upanga iko jirani kabisa na wote wawili. Siku ya mechi yao, kila televisheni ya hoteli na ya flati hufunguliwa chaneli ileile saa ileile. Ndipo picha huganda, na ndipo kila mtu hugeuka fundi. Maelezo yao umeshayasikia. Leo tunayapima moja moja.

Kwanza tuelewane kuhusu njia mbili za kupeleka picha kwenye televisheni. Kwenye unikasti, kila televisheni hupelekewa nakala yake peke yake kutoka kwenye seva. Kwenye multikasti, seva hutoa nakala moja tu; swichi na ruta huizidisha pale njia zinapogawanyika, na kuipeleka kwa walioiomba.

"Picha ikiganda, ongeza kasi ya intaneti."

UONGO, kama chaneli zako zinatoka kwenye dishi la juu ya paa. Hapo mechi haigusi intaneti hata kidogo: inashuka kutoka kwenye dishi, inaingia kwenye mitambo ya jengo, inasambazwa kwa swichi hadi vyumbani. Foleni iko humohumo ndani. Piga hesabu: chaneli ya HD ikila megabiti 5 kwa sekunde, televisheni 50 kwa unikasti zinataka megabiti 250. Kama kebo inayopanda ghorofani imeunganishwa kwenye poti ya megabiti 100, hata ukilipia kifurushi kikubwa kuliko vyote mjini, mechi itaganda tu. Kwa multikasti, kebo hiyohiyo inabeba megabiti 5 na shughuli imekwisha.

"Multikasti siku zote inapunguza mzigo."

NUSU KWELI. Nafuu yote inatokana na watu kutazama kitu kimoja kwa wakati mmoja. Vyumba 50 vikitazama chaneli 40 tofauti, unabeba megabiti 200 badala ya 250. Nafuu ipo, lakini si ya kupigia vigelegele. Na mgeni anayetaka filamu yake aianze saa tano usiku, aisimamishe akaoge, kisha airudishe nyuma, hana njia ila unikasti. Multikasti haimsubiri mtu. Ndiyo maana jengo lililopangwa vizuri hutumia zote mbili: multikasti kwa chaneli za mubashara, unikasti kwa filamu za kuchagua.

"Kwa multikasti naweza kuirushia dunia nzima harusi kutoka ukumbi wa Diamond Jubilee."

UONGO. Wazo lenyewe si geni: Steve Deering aliandika kanuni zake mwaka 1989, na anwani kuanzia 224.0.0.0 hadi 239.255.255.255 zimetengwa kwa kazi hiyo. Miaka ya 1990 watafiti waliijaribu kwenye intaneti. Lakini kampuni za intaneti kwa kawaida hazipitishiani multikasti ya wateja wao. Inaishia ndani ya mtandao wa mwenyewe. YouTube na Netflix wanatumia unikasti, wakisaidiwa na seva za akiba zilizowekwa karibu na watazamaji. Kwa hiyo ndugu wa Muscat na Leicester watamwona bibi harusi kwa njia moja: wewe unapandisha nakala moja kwenye jukwaa la video, nalo linamgawia kila mtu yake.

"Swichi ni swichi, chukua ya bei poa Kariakoo."

UONGO, na huu ndio unaowagharimu watu. Swichi ya kawaida isiyo na mipangilio haijui nani ameomba chaneli gani, kwa hiyo hummwagia kila mtu kila kitu. Itazame kwa macho: taa za poti zote zinapepesa kwa pamoja, hata ile ya kompyuta ya mapokezi isiyotazama chochote. Unachohitaji ni swichi inayosikiliza ujumbe wa IGMP, yaani maombi ya televisheni ya kujiunga na chaneli au kuiacha.

Bado kuna mtego wa pili. Lazima kifaa kimoja kwenye mtandao kiwe kinauliza mara kwa mara, "Nani bado anatazama?" Kisipokuwepo, picha huanza vizuri, fundi analipwa, anaondoka, kisha picha inakatika. Kwa mipangilio ya kawaida swichi hungoja sekunde 260 kabla ya kufuta orodha yake. Ukiona picha inakufa baada ya dakika nne na ushei, usibadilishe televisheni. Mwite fundi arudi.

"Televisheni vuta kebo, Wi-Fi waachie wenye simu."

KWELI, na mafundi wakongwe wapewe heshima yao. Multikasti ikipita kwenye Wi-Fi, kwa kawaida hurushwa kwa kasi ya chini ili hata kifaa cha mbali kiisikie. Tena hakuna anayethibitisha kupokea, kwa hiyo paketi iliyopotea hairudishwi, na picha inavunjika vipandevipande. Vifaa vizuri vya Wi-Fi huigeuza kuwa unikasti kwa kila mtazamaji, lakini hapo ile nafuu uliyoifuata imeyeyuka.

"Jirani akishangilia goli kabla yako, mtandao wako ni mbovu."

UONGO, mara nyingi. Video ya intaneti hukatwa vipande, mara nyingi vya sekunde 6 hivi, na programu ya simu hupenda kuwa na vipande kama vitatu mkononi kabla ya kuanza kuonyesha. Hizo ni sekunde 18 hata kwenye mtandao safi. Multikasti ya ndani ya jengo haina haja ya kungoja hivyo. Jirani anayetazama kwa njia hiyo hana mtandao bora. Ana njia fupi.

"Antena ni mambo ya kizamani."

UONGO. Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, lakini antena haikuzikwa, ilipewa king'amuzi. Mnara mmoja unawahudumia watazamaji mia au laki moja bila kuongezewa mzigo wowote. Kwa kitu kinachotazamwa na mji mzima kwa pamoja, wazee waliosema "weka antena juu ya paa" walikuwa sahihi, na multikasti inafuata hekima hiyohiyo ndani ya kebo.

Basi kabla hujatoa hela, jiulize maswali mawili: je, wengi watatazama kitu kimoja kwa wakati mmoja, na je, mtandao wote hadi kwa mtazamaji ni wako? Kama ni wengi na mtandao ni wako, chukua multikasti na swichi inayoijua. Jibu moja likiwa hapana, baki na unikasti, na usikubali mtu akuuzie zaidi ya hapo.