Taa Bora Hupunguza Gharama ya Umeme

Wanachama walioingiza umeme majumbani mwao hawana budi kufahamu kwamba balbu ya zamani, yenye waya mwembamba unaowaka ndani, hugeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto, si mwanga. Balbu hiyo ya wati 60, ikiwashwa saa 5 kila usiku, hula yuniti 9 kwa siku 30. Balbu ya LED ya wati 9, yenye mwanga unaokaribiana na huo, hula yuniti 1.35 tu. Nyumba yenye taa 4 huokoa yuniti zaidi ya 30 kwa mwezi. Mkulima anayesubiri malipo ya mazao, asiyeweza kununua zote kwa mara moja, yafaa aanze na ile taa iwakayo muda mrefu zaidi. Fedha itakayookolewa itanunua ya pili.