Matoleo ya Juliasi Kaizari

Juliasi Kaizari ni tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia ya William Shakespeare iliyofanywa na Julius Nyerere, rais wa kwanza wa Tanzania.

Mfasiri
Nyerere alisoma katika Shule ya Serikali ya Tabora, mji uliokua kwenye njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Baada ya masomo ya Makerere alirudi Tabora kufundisha katika shule ya St. Mary's.

Matoleo
Toleo la kwanza lilichapishwa na Oxford University Press mwaka 1963, jina la tamthilia likiandikwa karibu na tahajia ya Kiingereza. Mwaka 1969 lilitoka toleo lililosahihishwa, kwa jina la Juliasi Kaizari. Tamthilia yenyewe ya Kiingereza ilipigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1623, miaka saba baada ya kifo cha Shakespeare.

Kuorodhesha
Kwa sababu ya majina hayo mawili, mkutubi anaweza kudhani ni kazi mbili tofauti. Anaweza pia kutupa nakala ya 1963 akiiona imepitwa na wakati. Hasara yake ni kubwa: matini yalisahihishwa, na bila toleo la kwanza haiwezekani kuona mfasiri alibadilisha nini. Kwa hiyo orodha hutaja jina kama lilivyochapwa, mfasiri, mchapishaji, mwaka wa toleo na hali ya nakala. Mwaka wa toleo usichanganywe na mwaka wa kuchapwa upya. Kwa kawaida yote miwili huonyeshwa nyuma ya ukurasa wa jina.