Je, Wajua? Kicheko cha Msibani na Vingine Vinavyoimbwa

Je, wajua kwamba onyesho la vichekesho vya kuimba lenye nguvu kuliko yote bondeni Kilombero halina tiketi wala jukwaa, na mara nyingi huanza maiti ikiwa bado ndani? Mwigizaji wake ni mtani. Kuanzia Ifakara hadi Mlimba, na ng'ambo ya mto mpaka Mahenge, Wapogoro, Wandamba, Wambunga, Wabena na Wahehe kila mmoja ana watani wake, na mtani akifika msibani hapigi hodi ya unyonge. Anaingia na wimbo. Anavaa koti la marehemu, anatembea kama marehemu alivyokuwa akitembea, anakohoa kikohozi chake, anafoka kwamba chai haina sukari kama alivyokuwa akifoka kila asubuhi. Kina mama waliokuwa wamejiinamia kwenye mkeka wanaangua kicheko, mmoja anajifunika uso kwa kanga asionekane. Muda si mrefu kilio kinarudi, tena kikubwa kuliko cha mwanzo. Mtani akikisikia anajua kazi imekwenda vizuri.

Je, wajua kwamba kumkasirikia mtani ndiyo aibu yenyewe? Akiingia kaburini akajilaza kabla ya maiti kuteremshwa, akasema humu hatoki mtu mpaka alipwe, wafiwa hawaiti mgambo. Wanajichanga. Akinyakua mnofu kwenye sufuria la msibani, ni haki yake. Na asisahaulike upande wa pili: huyohuyo mwenye kejeli ndiye mara nyingi anayeshika jembe na sepetu, ndiye anayewahimiza vijana kuchimba. Mzaha haumwondolei jukumu la kazi.

Je, wajua kwamba watani wengi ni wajukuu wa maadui? Wazee wengi hueleza kwamba utani ulizaliwa baada ya vita: mkishapigana mpaka mkachoka, kinachobaki ni kutaniana. Karne ya 19 bonde hili lilitikiswa na misukosuko ya Wangoni, na Wambunga wenyewe waliingia humo katika misukosuko hiyo. Wahehe nao walipigana na Wangoni vita vilivyoacha makaburi mengi. Leo mkuki umebaki mdomoni tu.

Je, wajua kwamba mmoja wa watu wa kwanza kuandika kwa kirefu kuhusu utani wa Tanganyika alikuwa mtaalamu wa ndege? Reginald Moreau, Mwingereza aliyefanya kazi kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, alichapisha makala yake mwaka 1944 katika jarida la Africa. Kazi iliyompa jina duniani ni ndege. Utani aliuokota njiani, kwa kuwauliza watu wa makabila mbalimbali nani anamtania nani. Namwonea wivu.

Kwa habari ya ndege: bonde la Kilombero lina mnana wake ambaye hapatikani kwingine duniani, na wanasayansi hawakumpa jina rasmi mpaka mwaka 1990. Wavuvi na wakulima walikuwa wakimwona siku zote.

Je, wajua kwamba mpunga unapoanza kukomaa, mashamba ya bondeni hugeuka uwanja wa kelele na nyimbo? Familia huhamia shambani, hulala kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, na watoto hushinda wakiamia ndege kwa makombeo, madebe na sauti zao wenyewe. Atakayeimba maneno makavu anachoka kabla ya saa nne. Kwa hiyo kinachoimbwa ni kejeli: kwa ndege, kwa jirani mvivu, kwa mjomba anayekuja siku ya mavuno tu.

Je, wajua kwamba kucheka na wenzako kunapunguza maumivu ya mwili, tena imepimwa? Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake walichapisha utafiti wao mwaka 2012. Waliwaonyesha watu vichekesho, kisha wakapima watavumilia kiasi gani mkono ukifungiwa kifuko cha barafu, au ukibanwa na kile kifaa cha kupimia presha. Waliocheka walivumilia zaidi kuliko walioonyeshwa vipindi vya kawaida. Hawakuishia maabara, walikwenda pia kwenye tamasha la Edinburgh wakawapima watazamaji kabla na baada ya maonyesho ya vichekesho, wakaona vilevile. Maelezo yao ni kwamba kicheko cha kweli, kile cha kubanwa mbavu, huufanya ubongo umwage endofini, dawa ya maumivu ambayo mwili hujitengenezea wenyewe. Mtani hajawahi kusikia neno hilo, lakini anajua lini aingie na koti la marehemu.

Mtafiti mwingine, Robert Provine wa Marekani, alikuta kwamba mtu hucheka mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake. Iweke kando hesabu hiyo, tutaihitaji hapa chini.

Je, wajua kwamba kicheko kiliwahi kufunga shule Tanganyika? Januari 30, 1962, wiki chache tu baada ya uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Kati ya wanafunzi 159, walioshikwa walifika 95. Shule ikafungwa Machi 18. Wasichana waliporudishwa makwao, kicheko kikaenda nao, na huko Nshamba kikawapata zaidi ya watu 200. Duniani kisa hiki husimuliwa kama kituko cha furaha. Si kweli. Waliougua walikuwa wakicheka na kulia kwa zamu, wengine kwa saa chache, wengine hadi siku 16, na madaktari walioandika habari hiyo mwaka 1963 hawakuona sumu wala kidudu chochote. Waliona woga.

Je, wajua kwamba kikundi kilicholiliza taifa mwaka 1999 kilikuwa pia na vichekesho? Tanzania One Theatre, TOT, iliyoanzishwa na CCM mwaka 1992 chini ya Kapteni John Komba, ilikuwa ya mtindo uliokuwa umeenea wakati ule, kama Muungano ya Norbert Chenga: usiku mmoja una ngoma, sarakasi, kichekesho, kwaya, dansi na taarabu ya vijembe. Mwalimu Nyerere alipofariki London Oktoba 14, 1999, nyimbo za maombolezo za TOT ndizo zilizojaa redioni kutwa kucha. Watu walishangaa kundi la mipasho limeyapata wapi machozi yale. Mimi ningeshangaa kama lisingekuwa nayo.

Je, wajua kwamba mwanamuziki Mr. Ebbo, jina lake kamili Abel Loshilaa Motika, alifariki Desemba 1, 2011? Aliyesikia wimbo wake “Mi Mmasai” mwanzoni mwa miaka ya 2000 anakumbuka lile shuka jekundu na Kiswahili cha kujitakia, Mmasai akiwacheka watu wa mjini huku mjini wakidhani wanamcheka yeye. Ukipigwa leo kwenye harusi wote wanaruka. Halafu kwenye meza za nyuma kuna mtu anauliza, “Hivi yule si alishafariki?”

Je, wajua kwamba muziki wa kuchekesha hauhitaji hata lugha? Waulize waliokuwa wateja wa vibanda vya video kabla simu hazijavimaliza. Benchi za mbao, magunia madirishani kuzuia mwanga, jenereta ikinguruma nje, na kwenye televisheni Culture Spears wa Botswana, kundi ambalo Watanzania walilibatiza Makirikiri kwa jina la kibao chao. Hakuna aliyeelewa Kitswana. Walielewa miguu, viuno na macho ya mchezaji anayejifanya hajui anachokifanya mguu wake. Wakazi wa Ulanga na Kilombero, waliokulia kwenye ngoma ya sangula, hawakuhitaji mkalimani.

Je, wajua kwamba kuna mchekeshaji aliyeshinda tuzo 3 za Emmy kwa onyesho lisilokuwa na mtazamaji hata mmoja? Bo Burnham wa Marekani alikuwa ameacha jukwaa kwa miaka mitano kwa sababu ya vishindo vya hofu vilivyokuwa vikimshika mbele ya watu. Corona ikamkuta anajiandaa kurudi. Akajifungia chumbani, akaandika, akaimba, akajirekodi na kuhariri mwenyewe, na Mei 30, 2021 “Inside” ikatoka Netflix. Sehemu yake kubwa ni vichekesho vya kuimba, na walioitazama kwa wingi walisema iliwaliza. Sasa irudie ile hesabu ya Provine: mara 30. Mtu yuko peke yake, anamtazama mtu aliye peke yake, na kicheko hakina wa kukipokea. Kwa maoni yangu chozi lilitokea hapo. Msiba wa Ifakara una mbinu zilezile, wimbo, kejeli, mtu anayeigiza maumivu, ila una mkeka uliojaa watu, ndiyo maana kesho yake wafiwa wanaweza kuamka wakafagia uwanja.

Je, wajua kwamba mchekeshaji Mzee Majuto, Amri Athuman wa Tanga, aliyefariki Agosti 8, 2018, aliagwa na umati Dar es Salaam kabla ya kupelekwa kwao kuzikwa? Waombolezaji wengi hawakuwahi kumwona uso kwa uso. Walimjua kwa kucheka tu.

Je, wajua kwamba hadi daraja la mto Kilombero lilipoanza kutumika, mtani wa Ulanga aliyetaka kuwahi msiba wa Ifakara alitegemea pantoni au mtumbwi, na mafuriko yakizidi alichelewa? Kuchelewa hakukumpunguzia haki. Hata maziko yakishapita aliimba palepale uwanjani, akadai chake, na akiambiwa pesa imekwisha alikamata kuku wa kwanza aliyempata. Siku hizi aliyeko mbali anapiga simu, inawekwa kwenye spika, anamwiga marehemu kwa dakika mbili tatu watu wakivunjika mbavu, kisha anataja namba ya kutumiwa hela na kukumbusha kwamba ya kutolea si juu yake.