Maisha ya Chuo (3): Bumu, Desa na Kimbweta

Wiki iliyopita tuliishia kwenye usajili. Leo tutazame jambo lisilo na mhadhiri: lugha ya wanafunzi wenyewe na desturi zao. Mfano wangu ni Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ingawa maneno mengi utayakuta hata Dodoma na Morogoro.

Anza na yanayogusa mfuko na matokeo. Bumu ni fedha ya kujikimu inayotokana na mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Ukisikia "tunasaini", acha ulichoshika uende, maana asiyesaini kupokea bumu hapati. Sapu ni mtihani wa marudio. Kudisko ni kuondolewa masomoni kwa kufeli, na neno hilo hutamkwa kwa sauti ya chini.

Desa linataka maelezo zaidi. Pita kwenye vimbweta, zile meza na benchi za zege chini ya miti, jioni ya kuelekea mitihani. Utakuta watu watano wameinamia karatasi moja iliyotolewa kopi hadi herufi zimefifia, mmoja anasoma, mwingine anabisha, wa tatu anachora upya mchoro usioonekana. Karatasi hiyo ndiyo desa, na hapo kimbwetani mgeni anakaribishwa bila kujuana. Mimi naona nusu ya elimu ya chuo hupatikana pale. Lakini kudesa, yaani kunakili, ndani ya chumba cha mtihani ni wizi, na adhabu yake inaweza kuwa kufukuzwa.

Kubebana nako, yaani mwenye kitanda kumlaza asiyepata chumba, kunakatazwa na kanuni za mabweni. Wengi wamesoma kwa huruma hiyo. Ukibebwa, changia chakula na usafi bila kusubiri kuambiwa.

Si kila desturi ya kupokewa, hata hivyo. Kwa miaka mingi pale Mlimani wanafunzi waliojificha nyuma ya jina la "Mzee Punch" walibandika ukutani maandishi na michoro ya kudhalilisha wenzao, hasa wasichana. Waliita ni mila ya chuo. Mwaka 1990 msichana wa mwaka wa kwanza alijiua baada ya kusumbuliwa na kutishwa, ndipo Punch ikapigwa marufuku. Ukiambiwa leo uvumilie udhalilishaji kwa kuwa "ndivyo chuo kilivyo", kataa. Vyuo vingi sasa vina dawati la jinsia. Uliza lilipo siku ileile unayouliza maktaba.

Wiki ijayo: kupanga bajeti ya bumu.